Kikohozi cha Komba

Paukwa!

Pakawa!

Hizo sauti ni za watu walioshiba au wanaongoja kushiba? Sogeeni, mwacheni huyo paka apite, tuanze upya. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa ndiyo. Hapo kale, tena kale yenyewe, watu na wanyama walipokuwa wakiteka maji kisima kimoja na kusengenyana kwa lugha moja, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwamrefu. Na Kwamrefu walikuwa na ada yao: kitu kilichofungwa hakifunguliwi kimyakimya. Ghala la mtama likijaa, halifunguliwi mpaka liimbiwe. Nyumba mpya ikishaezekwa, haifunguliwi mpaka iimbiwe. Mwali akiwekwa ndani, hatoki mpaka aimbiwe. Mwimbaji husimama akaita, "Nani yuko mlangoni?" Na watu huitika, "Mwenyewe, mfungulie." Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, ndipo komeo huondolewa. Wasipoitika, basi, mlango hubaki vile vile, hata kama ndani mna chakula na nje mna njaa.

Ngoma ya Kwamrefu ilikuwa na sifa mpaka ng'ambo ya mto. Ngiri alipiga msondo. Nungunungu alitikisa miiba yake, hakuhitaji kayamba. Na katikati, juu ya kinu kilichopinduliwa, alisimama Komba.

Usiniulize kama Komba alikuwa na sura. Macho yamemtoka kama vifuu, masikio yanakwenda huku na yeye anakwenda kule, na kila jioni yuko juu ya mnazi anaonja tembo la watu. Lakini akipanda kwenye kile kinu akaita, hata aliyekuwa amelala na homa alijikokota mpaka dirishani. Tatizo lake lilikuwa kifua. Kila akimaliza kuita, moshi na tembo humkaba, akakohoa: kho, kho, khoo. Watu wamgoje amalize kukohoa, ndipo waitike. Mwaka wa kwanza walimwonea huruma. Mwaka wa pili walizoea. Mwaka wa tatu kile kikohozi kikawa sehemu ya wimbo, wakikitaja kama mtu anavyotaja ubeti. Mama akimbembeleza mtoto alimwimbia na kumkoholea. Kijana akienda kuposa, wazee walimwambia aimbe kidogo, na akikohoa vibaya walisema kwao hawakumlea.

Sasa, ngoma ina mwitaji, na ina wanaoitika. Mkuu wa waitikiaji pale Kwamrefu alikuwa bibi mmoja mfinyanzi wa vyungu, jina lake Semeni. Mavuno ishirini alisimama mbele ya kinu kile. Hakuna aliyefungua kinywa kabla Semeni hajafungua chake. Akiitika, kijiji kizima kinaitika. Akinyamaza, kijiji kizima kinanyamaza. Wala hakuwa na cheo kingine duniani, na hakukitaka.

Siku moja Komba akaamka kifua kimemfunga, hata kupumua kunampa kazi. Shangazi yake aliyekaa milimani akatuma watu waje wamchukue. "Nileteeni mwanangu," akasema, "kabla hamjamzika kwa kumshangilia." Wakambeba kwenye machela. Kijiji kikalia siku tatu. Semeni alilia siku ya nne pia, peke yake, mbele ya vyungu vyake.

Siku ya tano Ngiri akasema mtama umekwishaiva na ghala haliwezi kungoja kifua cha mtu. Akamjaribu Punda. Punda alianza vizuri, lakini akishaanza hakuna aliyejua pa kumzimia. Akamjaribu Fisi. Fisi aliuliza nani yuko mlangoni kwa namna ambayo wenye mbuzi wote waliinuka wakaenda kuangalia milango yao. Akamjaribu Chiriku.

Chiriku alikuwa kindege wa manjano, msichana bado, anakaa katika makuti ya paa la Semeni. Kila alfajiri aliimba palepale juu ya paa, hana wa kumlipa wala wa kumwomba. Sauti yake ilikuwa safi kama maji ya mtungi. Hiyo ndiyo ikawa kasoro yake ya kwanza.

Walisema ni mdogo, hata haonekani juu ya kinu. Walisema anaimba vizuri mno, na mtu anayeimba vizuri namna ile bila shaka anaringa. Vijana walimpenda, lakini walimpenda kwa kunong'ona. Na walikuwapo wengi, tena wengi kuliko wote, waliosema wao hawana upande. Wanangoja waone wenzao watasemaje, ndipo wajue wamependa nini. Ngiri akamwomba akohoe kidogo baada ya kuita, awafurahishe watu. Binti akajitahidi, akakohoa. Mzee Mtumweni, ambaye hakuwahi kukosa ngoma hata moja, akainamisha kichwa akasikiliza kama mtu anayekagua sarafu.

"Kikohozi hiki hakina machungu," akasema. "Huyu hajaugua."

Ikafika siku ya ghala. Watu wamejaa, vikapu vichwani. Chiriku akapanda kinu, akaita, "Nani yuko mlangoni?" Macho yote yakaenda kwa Semeni. Semeni alikuwa akitazama mahali Komba alipokuwa akiweka miguu yake, akaona pale pana nafasi kubwa na kindege mdogo. Akafunga kinywa.

"Si kama Komba," akasema.

Hakuna aliyeitika. Ghala likabaki limefungwa, mtama umelijaza mpaka unamwagika kwenye nyufa, na Kwamrefu wakarudi makwao kula muhogo.

Ikafika siku ya nyumba mpya, nayo ilikuwa ya Mzee Mtumweni mwenyewe. Chiriku akaita. Vijana wawili watatu wakaanza kuitika, Semeni akageuza shingo, wakameza. "Si kama Komba," akasema. Mtumweni akamuunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote. Siku hiyo mvua ilinyesha, na kesho yake, na keshokutwa, yeye na mkewe wamejikunyata barazani chini ya ungo, wameegemea mlango wa nyumba yao. Kila apitaye, Mtumweni alimwambia kwamba heri kulala nje kuliko kumwitikia chiriku. Mkewe naye alikuwa na la kusema, lakini alikuwa akipiga chafya.

Mnacheka. Ngojeni ya tatu.

Semeni alikuwa na mjukuu, Mboni, ndiye aliyebaki katika ukoo wake wote. Mboni alikuwa mwali, ameposwa ng'ambo ya mto na kijana mwenye heshima, na miezi mitatu alikuwa ndani ya nyumba ya bibi yake, anapakwa liwa na kufundwa, haonwi na watu wala sauti yake haisikiki nje. Sauti ya mwali ikisikika na wakwe kabla hajatoka, wao husema mwali huyu kinywa chake kimemtangulia, na posa huvunjika. Na wakwe wa ng'ambo hawakuwa watu wa kungoja. Ada yao ilijulikana: huja asubuhi na mkeka mpya, huutandika mbele ya mlango. Mwali akitoka, anakanyaga mkeka, amekuwa wao. Jua likizama hajatoka, hukunja mkeka wao, wakaenda kuutandika kwingine.

Siku mbili kabla ya siku ya mkeka, Semeni yuko uani anasugua chungu kwa kokoto, Chiriku akatua juu ya ukingo wa kinu cha kutwangia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Keshokutwa ni siku ya Mboni. Ngiri amesema niite. Nami nimekuja kuuliza nani ataitika."

"Ataitika atakayetaka."

"Hapa hataki mtu mpaka utake wewe."

Semeni akasugua chungu mahali palipokwisha kung'aa. Akasema, "Sikia, mwanangu. Wewe si mbaya. Sauti unayo, adabu unayo. Kosa lako ni moja tu, kwamba si yeye."

"Na hilo, bibi, nilirekebishe vipi?"

Bibi wa watu akaweka chungu chini. Akaingia ndani akatoka na kipande cha muhogo wa kuchemsha, akampa. Ndivyo wafanyavyo wazee wakishindwa.

Usiku ule usingizi haukumjia. Akiitika, ukaidi wake wa miezi yote ile utageuka ujinga mbele ya kijiji kizima. Asipoitika, mjukuu wake ataozea ndani kama mtama wa ghalani. Kulipopambazuka alikuwa amepata hila iliyomponya pande zote mbili. Akamwita Njiwa, akamtuma milimani kwa Komba: njoo siku moja tu, uite mara tatu, urudi zako.

Na Komba akaja.

Ilikuwa siku yenyewe, jua limekwisha kupinda, mkeka wa wakwe umetandikwa mbele ya mlango wa Semeni, na mama wa bwana harusi ameketi kando yake na uso wa mtu asiyependa kuketi. Wakwe walikuwa wamekuja na masufuria ya wali, na watu wa Kwamrefu, waliochoka na muhogo, walikuwa na heshima kubwa siku hiyo. Semeni akatokea akimshika Komba mkono. Akawatangazia kwamba mwenye ngoma amerudi.

Watu wakamtazama. Walimkumbuka Komba mwembamba, mwenye macho mekundu, anayeyumba. Huyu alikuwa amenona. Macho meupe, manyoya yamechanwa. Kumbe shangazi alimnyima tembo, akamnywesha asali na tangawizi miezi yote ile. Wakanong'onezana kwamba huenda ni binamu yake. Lakini akapanda kinu, Ngiri akapiga msondo, Nungunungu akatikisa miiba, naye akaita:

"Nani yuko mlangoni?"

Sauti ilitoka imejaa, haina mkwaruzo, ikaenda ikagonga kilima ikarudi. Semeni mwili ukamsisimka. Akafungua kinywa. Kijiji kizima kikafungua kinywa.

Wakangoja.

Komba naye akangoja. Akawatazama, wakamtazama, mamia ya vinywa wazi kama vifaranga wa kwenye kiota. Mtu mmoja akajikohoza kumkumbusha. Komba akamwambia pole. Akaita tena, vizuri kuliko mwanzo, na tena wakabaki vile vile, maana mavuno ishirini kikohozi ndicho kilichowaambia waingilie wapi, na kikohozi hakikuja.

Semeni ndiye aliyeona kwanza, na aliona ndani ya kinywa chake mwenyewe. Kilikuwa wazi, na kilikuwa kinangoja kikohozi. Si sauti, maana sauti ilikuwa imekwisha kupita. Akakifunga polepole. Miezi yote aliyokuwa akimlilia Komba mbele ya vyungu, hakujua alikuwa akililia nini.

"Si kama Komba," akasema Mzee Mtumweni.

"Ndiye mimi," akasema Komba.

"Sauti umeiga vizuri, hilo sikunyimi," Mtumweni akamwambia, kwa upole kabisa, akimsaidia kushuka. "Lakini kikohozi kimekushinda. Usihuzunike, mgeni. Kinawashinda wote." Akampeleka nyuma ya watu, akamtafutia sahani ya wali, akamwambia ale.

Jua likashuka likagusa minazi ya mwisho. Mama wa bwana harusi akainuka, akajikung'uta, akashika ncha moja ya mkeka. Dada yake akashika ya pili. Mkeka ukaanza kukunjwa.

 Semeni alitaka kusema ngojeni, lakini wangoje nini? Ndipo Chiriku akatoka katika makuti ya paa. Hakuna aliyemwita. Akatua juu ya kinu, hakuwatazama watu, aliutazama mlango, akaita kama alivyokuwa akiita kila alfajiri:

"Nani yuko mlangoni?"

Kimya. Watu wanamtazama Semeni, Semeni anautazama mkeka. Na katika kimya kile, kutoka ndani ya nyumba, ikaja sauti nyembamba ya msichana:

"Mwenyewe, mfungulie."

Alikuwa Mboni. Fikirini wenyewe: miezi mitatu mtoto yuko gizani, na kila alfajiri sauti ya kwanza kumfikia ni hiyo juu ya paa. Alikuwa akiiitikia ndani ya mto wake wa usufi ili bibi asisikie. Kwake hakuna aliyeondoka na hakuna aliyechukua nafasi ya mtu. Mwimbaji alikuwa Chiriku, basi. Akaitwa, akaitika, kinywa kikamponyoka.

Mama wa bwana harusi akauachia mkeka. Shingo ikamsimama.

"Nani huyo aliyesema?"

Semeni hakufikiri. Wakati wa kufikiri haukuwapo. Alipiga hatua mbele ya mlango akaujaza kwa mwili wake, akapasua sauti yake yote ya mavuno ishirini:

"Mwenyewe, mfungulie!"

Na Kwamrefu, ambao tangu wazaliwe walijua jambo moja tu, kwamba Semeni akiitika nao huitika, wakaitika. Waliompenda Chiriku wakaitika, waliomchukia wakaitika, na wale wasiokuwa na upande wakamshukuru Mungu kwamba mwishowe wameonyeshwa. Chiriku akaita mara ya pili, ikaitikiwa mpaka ndege wakaruka kwenye mashamba. Akaita mara ya tatu, Semeni akaondoa komeo kwa mkono wake, na Mboni akatoka, amefunikwa kanga, ananukia liwa, akatia mguu juu ya mkeka uliokunjika nusu.

Mama wa bwana harusi akamsogelea Semeni, akamtazama kooni.

"Ile sauti ya kwanza, bibi, ilikuwa laini sana kwa umri wako."

"Ni tangawizi," akasema Semeni.

Yule mama akatafakari. Akamtazama msichana juu ya mkeka, akamtazama mwanawe jinsi alivyokuwa akimtazama msichana, akasema kwamba hata yeye atajaribu tangawizi. Mambo yakaishia hapo, na vigelegele vikaanza.

Watu wakishafunguka hawafungiki. Siku ile ile, mwanga ungalipo, wakamchukua Chiriku na kinu chake mpaka ghalani. Akaita mara tatu, wakaitika mara tatu, mtama ukaporomoka mpaka magotini. Njiani kila mtu alikuwa akimweleza mwenzake kwamba yeye alijua tangu siku ya kwanza. Semeni naye alimwambia mtu hivyo. Alipomaliza kusema alijitazama, akaona haya kidogo, lakini hakujisahihisha.

Wakafika kwa Mzee Mtumweni. Mkewe alikuwa amekwisha kusimama mlangoni na mizigo kichwani. Chiriku akaita, na Mtumweni akaitika kwa nguvu kuliko kijiji chote, mishipa imemtoka. Kando yake alisimama yule mgeni mnene na sahani yake ya wali, anaitika mdomo umejaa, macho yanamng'aa. Mavuno ishirini Komba alikuwa amesimama juu ya kinu. Hakuwahi hata siku moja kuusikia wimbo ule kutoka huku chini walikosimama watu.

"Mzee," akasema, "ni mzuri kumbe."

"Si mbaya," akasema Mtumweni. "Lakini wewe hukumjua Komba."

"Alikuwa hodari sana?"

"Usiniulize, mgeni wangu. Nikianza kukueleza nitalia mbele ya mlango wangu."

Komba akajikuna sikio. "Ningependa kumsikia," akasema.

"Umechelewa," akasema Mtumweni, akamshika bega kwa huruma.

Semeni alikuwa nyuma yao na alisikia kila neno. Kufungua kinywa na kusema, Mzee, huyo uliyemshika bega ndiye, kulikuwa rahisi. Akamtazama Komba. Komba akamtazama, akatikisa kichwa kidogo, akaokota punje ya wali iliyobaki kwenye sahani.

Na juu ya kinu Chiriku akaita mara ya tatu. Semeni akaacha mengine yote, akaitika.

Ngano yangu imefika mlangoni, nami naishia hapo. Aliye ndani atoke, aliye nje aingie alale.